Muktadha: maana yake kwa msomaji wa Biblia

Mtu akikuambia saa nane mchana, "Mzee amepumzika," utashusha sauti usije ukamwamsha. Akikupigia simu usiku wa manane, nyuma yake unasikia vilio, akakuambia maneno hayohayo, utatafuta mahali pa kukaa. Maneno ni mawili tu na hayajabadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni yanayoyazunguka: saa, mahali, anayesema na sababu ya kusema. Hayo yanayolizunguka neno na kuliamulia maana yake ndiyo muktadha.

Kwa Mkristo anayejifunza kusoma Biblia jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa wengi wetu Biblia tumeipokea vipande vipande. Mstari wa kukariri shule ya Jumapili, mstari wa mwaka, mstari ubavuni mwa daladala, mstari kwenye kadi ya harusi. Vipande hivyo vimewashika mkono watu wengi katika siku ngumu, nami sivibezi. Ila waandishi wa Biblia hawakuandika mistari. Waliandika barua, masimulizi, nyimbo na unabii. Mgawanyo wa sura tunaoutumia unatokana na kazi ya msomi Mwingereza, Stephen Langton, mwanzoni mwa karne ya 13, na namba za mistari ya Agano Jipya ziliwekwa na mchapishaji Mfaransa, Robert Estienne, mwaka 1551. Kwa karne nyingi, basi, Wakristo waliisoma barua kwa Wafilipi bila ya kuwapo kitu kinachoitwa "Wafilipi 4:13". Namba zinatusaidia kufika mahali pamoja kwa haraka. Hazituambii wazo la mwandishi lilianzia wapi wala liliishia wapi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Ayubu 8:7, mstari unaosema kwamba ujapokuwa mwanzo ulikuwa mdogo, mwisho utaongezeka sana. Umeandikwa kwenye kuta za maduka, umehubiriwa kwenye uzinduzi wa biashara, umeombewa vijana wanaoanza maisha. Sasa uliza swali moja tu: nani anasema? Si Mungu. Si nabii. Ni Bildadi Mshuhi, mmoja wa rafiki watatu waliokuja kumfariji Ayubu. Anamwambia nani? Baba aliyezika watoto kumi kwa siku moja. Rudi nyuma mistari mitatu tu, hadi 8:4, utamkuta Bildadi akimwambia baba huyo kwamba watoto wake walimkosea Mungu, ndiyo maana yakawapata. Kisha anaongeza: kama wewe ungekuwa safi, Mungu angekuinua, na mwisho wako ungeongezeka. Biblia ya Union Version imeandika "ungeongezeka", na ile "nge" ina sharti ndani yake. Sisi tunapoukariri mstari tunasema "utaongezeka", sharti linapotea, na pamoja nalo linapotea lile shutuma lililobebwa na maneno hayo.

Endelea hadi mwisho wa kitabu. Katika 42:7 Mungu anamwambia Elifazi kwamba amemkasirikia yeye na rafiki zake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena Ayubu. Bildadi ni mmoja wa hao wawili. Mistari michache baadaye, 42:12, tunaambiwa Bwana aliubariki mwisho wa Ayubu kuliko mwanzo wake: kondoo 14,000, ngamia 6,000, jozi 1,000 za ng'ombe, punda 1,000. Mwisho uliongezeka kweli! Lakini si kwa ile hesabu ya Bildadi, kwamba anayeteseka lazima ana dhambi aliyoificha. Mtu aliyefika hapa akiwa amesoma kitabu chote amepata kitu ambacho mstari wa ukutani usingeweza kumpa: anajua namna ya kukaa na mfiwa bila kumhukumu.

Yeremia 29:11 nao husomwa hivyo hivyo: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Hii ni sehemu ya barua. Yeremia, akiwa Yerusalemu, aliwaandikia watu waliokuwa wamechukuliwa mateka kwenda Babeli. Sura ya 28 inamwonyesha nabii mwingine, Hanania, akiahidi hekaluni kwamba mateka hao watarudi ndani ya miaka miwili. Yeremia anasema hapana, miaka 70. Kwa hiyo jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, mzae watoto, na muuombee amani mji uliowateka. Wengi waliosikia barua ile ikisomwa hawakuishi kuuona mwisho wake. Ukilijua hilo, ahadi haipungui. Inageuka kuwa ahadi ya Mungu asiyewaacha watu wake katika kungoja kurefu, na mimi naiona nzito zaidi kuliko ahadi ya mambo kunyooka mwezi ujao.

Hapa Kiswahili kinatusaidia bure. "Ninayowawazia ninyi" ni wingi; Mungu anazungumza na jamii nzima. Vivyo hivyo 1 Wakorintho 3:16, "ninyi mmekuwa hekalu la Mungu", Paulo analiambia kanisa lililogawanyika kwa makundi, si mtu mmoja mmoja. Tazama viambishi unaposoma: "ku" na "wa", "u" na "m". Mara nyingi nusu ya muktadha imo ndani ya kitenzi chenyewe.

Aina ya maandishi nayo ni sehemu ya muktadha. Zaburi huimba, Mithali hutoa kanuni ya jumla, Mambo ya Walawi huweka sheria kwa Israeli, Ufunuo huzungumza kwa picha.

Watu huniuliza: je, Roho Mtakatifu hawezi kusema na mimi kwa mstari mmoja? Anaweza, na amefanya hivyo kwa wengi. Lakini huyo Roho ndiye aliyewaongoza waandishi waseme walichosema, kwa watu wale, kwa sababu ile. Sioni jinsi kumsikiliza mwandishi mpaka amalize kunavyoweza kumzuia. Anza na kitabu kifupi. Filemoni ina mistari 25 tu. Isome yote kwa sauti, kwa mkao mmoja, kisha irudie kesho. Halafu Wafilipi, sura nne. Ukiifikia 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu," utakuwa umeshapita kwenye minyororo ya Paulo katika sura ya kwanza, na kwenye 4:12 anaposema amejifunza kushiba na kuona njaa, na utajua "mambo yote" ni yapi.

Katika Matendo 8 yumo towashi wa Kushi, mtunza hazina wa malkia Kandake, akirudi kutoka Yerusalemu, amekaa garini mwake akisoma Isaya. Filipo anamkimbilia na kumwuliza kama anayaelewa anayosoma. Yule mtu anakiri kwamba anahitaji wa kumwongoza, anamkaribisha apande, kisha anauliza: nabii anasema haya kwa habari ya nani, yake mwenyewe au ya mtu mwingine? Filipo akaanzia kwenye andiko hilohilo, akamhubiri habari njema za Yesu.