Sista, na ile maneno ingine? Maswali ya walioumia uti wa mgongo

Hapa Kisumu wengi wanaokuja kliniki kwa wilichea ni vijana wa boda, wengine walianguka kwa mwembe ama mjengo. Wanauliza ya vidonda, ya mkojo, ya choo, halafu dawa zishaandikwa na mlango umeshikwa ndio mtu anageuka, "sista, na ile maneno ingine?" Haya, leo ni ile maneno ingine, yaani tendo la ndoa.

Mbona daktari hakuniuliza?
Mara nyingi ni aibu tu, na foleni. Anza wewe: "Daktari, nataka tuongee kuhusu tendo la ndoa," halafu nyamaza, atajikaza. Na kama ni mama mkwe anakusukuma wilichea, mtume chai kwanza.

Wanapima nini hasa?
Kwanza maswali: kabla ya ajali ilikuwaje, sasa je, una mtu, unataka mtoto, unameza dawa gani (baklofeni ya kulegeza misuli na dawa zingine za msongo wa mawazo zinaweza kupunguza nguvu, kwa hivyo beba hata pakiti tupu). Halafu pamba na pini. Unafunga macho, anagusa tumbo ya chini na kinena, "hii ni pamba ama pini?", anashuka mapajani, sehemu za siri, kuzunguka njia ya haja kubwa, na mwisho anaingiza kidole chenye glavu anakwambia ubane. Wanaume hukasirika hapo, mmoja aliniuliza kama nimetumwa na maadui zake. Lakini hicho kidole ndio kinaonyesha kama neva za chini kabisa, S2 mpaka S4, bado zinasikizana na ubongo (hizo herufi na namba ni majina ya ngazi za uti wa mgongo: T ni za kifuani, L za kiunoni, S za chini kabisa).

Inasimama nikioshwa lakini nikimuwaza bibi hakuna kitu. Nimerogwa?
Hujarogwa. Kusimama kuna njia mbili. Ya kuguswa inazunguka hapo S2 mpaka S4, haihitaji ruhusa ya kichwa. Ya mawazo inashuka kutoka kichwani na kutokea T11 mpaka L2, huko juu ya kiuno. Ukiumia juu ya hapo kabisa, habari ya kichwani inakwama njiani na ya kuguswa inabaki, ukiumia chini kabisa inaweza kuwa kinyume. Ndio maana hadithi ya mwenzako wa wodini ni yake, si yako. Dawa za kusaidia kusimama, sildenafil na tadalafil, husaidia wengi lakini usinunue tu kwa kemisti ya steji, zikikutana na dawa za moyo za naitreti presha inaporomoka.

Katikati ya shughuli kichwa kinataka kupasuka na natoka jasho usoni?
Acha hapo hapo. Kama jeraha liko T6 kwenda juu, mwili wa chini ukisisimka presha inaweza kupanda bila breki, na inaweza kuua. Presha yako ya kawaida inaweza kuwa 90 ama 100 ile ya juu, kwa hivyo 140 ambayo jirani hata haioni, kwako ni moto. Kaa wima, legeza nguo, angalia kama mpira wa mkojo umejikunja, isiposhuka kimbizwa hospitali. Na ukiwa umemeza sildenafil sema mapema sana, kwa sababu dawa moja wanayoweza kukupa kushusha presha ni hiyo hiyo naitreti.

Mimi ni mwanamke, nitazaa?
Ndio, na inaniudhi vile wanawake hawaulizwi kabisa. Hedhi inaweza kupotea miezi kadhaa baada ya ajali halafu inarudi, na mimba inaweza kuingia kabla hujaiona. Ukitaka kupanga uzazi, ongea na daktari kabla ya vidonge vya estrojeni sababu ya damu kuganda. Ukishika mimba kliniki ijue mapema, wenye jeraha la juu wanaweza wasisikie uchungu ukianza, na ile presha inaweza kuruka wakati wa kuzaa.

Na huu mpira wa mkojo?
Mwaga mkojo kwanza. Mwanaume anaukunja kando ya uume na kuvaa kondomu juu, mwanamke anaubandika kwa tumbo ama paja. Kuna mama alinionyesha plasta yake ya tumboni, ameichora ua na kalamu nyekundu, akasema mzee ndiye alichora.