Nani akae namba 1? Kuipa jina benzeni yenye vikundi

Benzeni ni pete ya atomu 6 za kaboni, kila moja ina haidrojeni yake. Ondoa haidrojeni moja, weka klorini: hiyo ni klorobenzeni. Kinachochukua nafasi ya haidrojeni, kiwe atomu moja au kadhaa, ndicho tunachokiita kikundi. Namba haihitajiki, maana pembe zote sita ni sawa.

Vikundi vikiwa viwili, mambo hubadilika. Klorini mbili zaweza kuwa jirani, kuruka pembe moja, au kutazamana, nazo huitwa 1,2-, 1,3- na 1,4-diklorobenzeni. Majina ya zamani ni otho, meta na para, na bado yanatumika. "Para" ya parasetamoli ndiyo hiyo, vikundi vyake viwili vinatazamana. Otho, meta na para ni dutu tofauti kabisa. Benzeni yenye methili (CH3) mbili, yaani zaileni, ikiwa ya para huganda kwenye nyuzi 13 za Selsiasi; ya meta haigandi mpaka nyuzi 48 chini ya sifuri. Vikundi vikifika vitatu, otho na wenzake hawatoshi tena. Ni namba tu.

Sasa namba 1 ni ya nani? Hapa ndipo wanafunzi wengi hupoteza alama. Kuna vikundi vinavyobadili jina la pete nzima: OH huifanya fenoli, NH2 anilini, CH3 tolueni, COOH asidi ya benzoiki. Mwenye jina hukaa namba 1 bila kutajwa, kisha unahesabu kuelekea upande unaotoa namba ndogo. Katika 2,4,6-trinitrotolueni, yaani kilipuzi TNT chenye vikundi vitatu vya nitro (NO2), methili ndiyo iliyo namba 1. (Kanuni za 2013 za IUPAC, shirika la kimataifa linalopanga majina ya kemikali, hupendelea 2-methili-1,3,5-trinitrobenzeni, ila ni wachache wanaoiita hivyo.) Wakigombea wawili, COOH humshinda OH, na OH humshinda NH2. Ndiyo maana asidi ya salisiliki, inayotengenezewa aspirini, ni asidi ya 2-haidroksibenzoiki, wala haipewi jina la fenoli.

Pasipo mwenye jina, tafuta namba ndogo kabisa, kisha panga vikundi kialfabeti bila kuhesabu di- wala tri-. Angalizo kwetu tunaoandika kwa Kiswahili: mpangilio hufuata tahajia ya kimataifa, ambamo kloro huanza kwa c. Kwa hiyo ni 1-kloro-4-ethilibenzeni, ingawa k huja baada ya e.

Pete ikining'inia kwenye mnyororo mkubwa huitwa fenili. Kukiwa na CH2 katikati, ni benzili.