Je, wajua? "Mvinyo wa plamu" wa Japani haujawahi kuchachuka

Madukani huitwa mvinyo wa plamu, lakini umeshu si mvinyo. Hata tunda lenyewe, ume, kwa ukoo liko karibu zaidi na aprikoti. Mvinyo hupatikana hamira inapogeuza sukari ya zabibu kuwa kileo. Umeshu hulowekwa tu, kwa pombe kali iliyokwisha kutengenezwa.

Kipimo cha nyumbani ni kilo 1 ya ume, gramu 500 hadi 800 za sukari ya mabonge, lita 1.8 za pombe nyeupe ya asilimia 35, na mtungi wa kioo wa lita 4. Matunda huchumwa mwezi Juni yangali mabichi, ya kijani na magumu. Yanayosifiwa zaidi ni ya aina ya Nanko, kutoka Minabe, mkoani Wakayama. Huoshwa, hufutwa moja moja mpaka yakauke, kisha kile kikonyo cheusi kilichobaki hudokolewa kwa kijiti cha meno. Hapa uvivu hauna nafasi: kikonyo huleta uchungu, na maji yaliyojificha kwenye kishimo chake hukaribisha ukungu.

Kwa nini sukari ya mabonge? Kwa sababu huyeyuka polepole. Kwanza pombe hupenya ndani ya tunda. Kisha kadiri utamu wa nje unavyozidi, huvuta maji ya tunda pamoja na harufu yake. Sukari ya unga ikikolea mapema mno, tunda husinyaa kabla halijatoa kitu. Sukari inapoyeyuka, kioevu huwa kizito na matunda huelea. Mtungi hutikiswa taratibu kila baada ya siku chache ili migongo yao isikauke.

Sheria ya Japani humtaka anayeloweka nyumbani atumie pombe isiyopungua asilimia 20. Chini ya hapo, hamira iliyo kwenye ganda la tunda inaweza kuamka, na huko ni kupika pombe bila leseni. Sake ya kawaida, ile pombe ya mchele ya Kijapani yenye asilimia 15 hivi, haifai basi. Viwanda vya sake vyenye leseni havibanwi hivyo. Vingi hupika sake majira ya baridi. Juni ikifika huloweka ume katika sake isiyozimuliwa kwa maji. Umeshu wake ni laini, na ladha ya mchele haipotei.

Ile harufu ya lozi hutoka kwenye kokwa. Ume mbichi isitafunwe, kwani kokwa changa ina amigdalini, ambayo huweza kutoa sumu ya sianidi.

Baada ya miezi 3 hunyweka, ila ladha hutulia ikifika miezi 12. Hapo matunda hutolewa, maana yakiachwa sana kinywaji huingia ukakasi na kuwa na utusiutusi.

Kwenye chupa za dukani tafuta maneno "honkaku umeshu", yaliyoanza kutumika 2015: ndani mna ume, sukari na pombe, bila asidi wala harufu ya kuongezwa.