Je, wajua kwa nini kijana wa Nairobi humfungukia mwenzake kabla ya daktari?

Muulize kijana wa Kayole au Kawangware yu hali gani, atakuambia "niko poa." Kaa naye nusu saa kando ya uwanja mkitazama watu wakicheza mpira, kisha umuulize tena. Huenda sasa akakwambia kwamba hajalala vizuri tangu matokeo ya mtihani yatoke, au kwamba nyumbani hawasemezani. Daktari hana hiyo nusu saa. Jirani wa rika lake anayo, na ndiyo maana vijana wanafunzwa kuwa wahudumu rika wa afya ya akili.

Mhudumu rika si daktari mdogo. Mara nyingi ni mtu aliyemaliza kidato cha nne juzi tu, akafundishwa mambo machache: kusikiliza, kuongoza kikundi, kutambua hatari, na kujua amkabidhi nani jambo lililomzidi kimo.

Kwa nini isiwe kazi ya wataalamu? Kwanza, hawatoshi. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya milioni 47, na madaktari bingwa wa akili nchini wangeenea kwenye mabasi machache ya kwenda Mombasa. Pili, kuna jina Mathari. Hospitali hiyo iliyo kando ya Barabara ya Thika ilianza 1901 kama kituo cha kuwatenga wagonjwa wa ndui, ikafanywa ya wagonjwa wa akili 1910, na jina lake likaishia kuwa tusi. Mtoto wa Nairobi hutaniwa kuwa ni wa Mathari kabla hajajua iko wapi. Aliyekua na utani huo hapandi matatu kwenda kumwona daktari wa akili eti kwa sababu amekosa usingizi.

Zimbabwe walilitatua jambo hili kwa kuwatumia wazee. Mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alianza na nyanya 14 huko Mbare, Harare. Walifunzwa kuzungumza na wagonjwa wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya kliniki, na utafiti uliotolewa 2016 ulionyesha kwamba waliozungumza nao walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Wazo zuri, ila nyanya wa mtoto wa Nairobi mara nyingi yuko ushago, kijijini. Waliopo mtaani, tena wana muda, ni vijana wanaosubiri. KCSE, mtihani wa kidato cha nne, huisha Novemba, na chuo kikuu hufunguliwa miezi mingi baadaye.

Shirika la Shamiri, lililoanzishwa na Mkenya Tom Osborn, liliwatumia vijana hao hao. (Neno lenyewe tumezoea kulisikia likiandamana na ufisadi, hapa limepata kazi ya heshima.) Katika utafiti uliochapishwa 2021, wanafunzi 413 wa shule nne za Nairobi na Kiambu waligawanywa. Wengine walikaa kwenye vikundi vya Shamiri saa moja kwa wiki kwa wiki nne, wengine wakafundishwa mbinu za kusoma kwa muda uleule. Dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwa wale wa Shamiri, na miezi saba baadaye tofauti bado ilionekana.

Kinachonivutia ni kile walichozungumza. Hawakuanza na ugonjwa. Walizungumza kuhusu mtu kuweza kubadilika, kuhusu kushukuru, na kuhusu mambo ambayo kila mmoja anayathamini maishani. Hakuna aliyeingia chumbani akiwa na lebo ya mgonjwa, kwa hiyo hakukuwa na cha kuonea aibu.

Ukiniuliza, somo gumu kuliko yote katika mafunzo haya ni kunyamaza. Sisi ni watu wa mashauri. Mtu akikuambia amechoka na maisha, ulimi unakimbilia "hiyo itapita," "mwombe Mungu," au ile mbaya zaidi, "wenzako wana shida kuliko wewe." Basi vijana huigizishwa wawili wawili: mmoja asimulie, mwingine haruhusiwi kutoa ushauri wowote. Anachoruhusiwa ni kuuliza, kungoja, na kurudia alichosikia: "Unasema tangu babako apoteze kazi, wewe ndiye unayeona ni lazima ufaulu. Nimekuelewa?" Dakika tano za zoezi hilo huwa ndefu kuliko foleni ya Jogoo Road.

Linalofuata ni kuuliza waziwazi kuhusu kujiua. Wengi huogopa kwamba kulitaja ni kumpa mtu wazo, lakini sivyo. Mara nyingi aliyekuwa na wazo hilo hupumua mtu anapolitaja. Zamani woga ulikuwa na mguu wa kisheria pia, maana kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025.

Usiri nao una sura yake mjini. Kwenye ploti za mabati, ukuta hausitiri kitu, kwa hiyo mazungumzo huhamia kanisani siku isiyo ya ibada, au barabarani mkitembea. Na kijana huambiwa mapema kwamba siri ina mpaka: maisha yakiwa hatarini, mtu mzima ataambiwa. Anayehudumu huwa na msimamizi, mshauri nasaha aliyesomea kazi hiyo, wa kumpelekea kesi nzito. Pia hukariri namba za bure za simu: 1199 ya Msalaba Mwekundu, na 116 kwa watoto.

Msimamizi huyo anapaswa kumsikiliza na mhudumu mwenyewe. Anayebeba machozi ya wengine Jumanne na Alhamisi hurudi kulala kwenye mtaa uleule wenye shida zilezile, na mradi unaomlipa nauli peke yake unamnyonya, hata ukiita kujitolea. Halafu inafika Agosti au Septemba, barua ya chuo imemwita Maseno au Eldoret. Kabla ya kufunga sanduku, lazima awakalishe wale aliokuwa akiwasikiliza pamoja na mhudumu mpya, watambuane, wapange siku.