Kwa nini mpira mweupe wa snuka hurudi nyuma?

Je, wajua kwamba katika snuka, mchezo wa mezani unaofanana na pool, mpira mweupe unaopigwa kwa fimbo, ukagonga mwenzake kisha ukarudi, haurudishwi na mgongano? Unarudishwa na kitambaa cha meza.

Ukigongwa chini ya katikati, mpira mweupe huondoka ukienda mbele huku ukizunguka kinyumenyume. Hapo hauviringiki, unateleza. Ukikutana uso kwa uso na mpira wa pili wenye uzito uleule, huuachia karibu mwendo wake wote wa mbele, lakini mzunguko hubaki nao. Basi unasimama kidogo ukizunguka papo hapo, msuguano wa kitambaa unaukamata, na safari ya kurudi inaanza.

Shida ni kwamba kitambaa hichohicho hula mzunguko tangu mpira unapoondoka. Ukiisha njiani, mpira mweupe hugonga na kutulia palepale. Umbali ukizidi, huwa umeshaanza kuviringika kawaida, na baada ya kugonga hufuata mbele. Kwa hiyo mpigo wa mbali hutaka kasi, ili mpira ufike kabla mzunguko haujaliwa. Mpigo wa karibu hautaki, ingawa wengi hutwanga tu.

Tena wapo wanaoivuta fimbo nyuma ghafla, wakidhani mpira utafuata. Ncha hugusana na mpira kwa muda wa sehemu ya elfu moja hivi ya sekunde. Mkono unapoanza kuvuta, mpira umeshaondoka. Mbaya zaidi, anayejiandaa kuvuta hupunguza kasi kabla hata hajagonga. Afadhali uiache fimbo ipite moja kwa moja hadi mbele ya pale mpira ulipokuwa.

Ushuke kiasi gani? Mpira wa snuka una kipenyo cha milimita 52.5, na mwisho wa usalama ni kama milimita 13 chini ya katikati. Ukipita hapo ncha huteleza, hata ukiwa umeipaka chaki vizuri. Na unaposhuka, usiinue kitako cha fimbo: mpira utaruka, na ukiwa umegonga pembeni kidogo tu utapinda njia. Kinachoshuka ni mkono unaoegemea meza. Tandaza vidole, laza kiganja, fimbo ibaki karibu sambamba na meza. Mkono wa nyuma uishike kwa ulegevu; ukikaza, ncha hupanda dakika ya mwisho na unagonga katikati bila kujua.

Kujipima ni rahisi ukipata mpira wa pool wenye mstari mpana. Usimamishe mstari uelekee unakopiga, kisha upige chini ukiwa peke yake, bila mpira wa kulenga. Mstari ukibaki wima huku ukizunguka kinyumenyume, umegonga sawa. Ukiyumba, ncha imekwenda kushoto au kulia.