Saratani ya damu ya CML: maswali ambayo familia huuliza

CML ni ugonjwa gani?

Ni saratani ya damu, kwa kirefu lukemia sugu ya mieloidi. Huanzia kwenye uboho, ndani ya mifupa, ambako damu hutengenezwa. Kromosomu mbili (nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya chembe), namba 9 na namba 22, hukatika na kubadilishana vipande, na hapo chembe nyeupe za damu huanza kuzaliana bila kukoma. Ile namba 22 iliyofupika iligunduliwa mwaka 1960 mjini Philadelphia, Marekani, ndiyo maana ikaitwa kromosomu ya Philadelphia. Ugonjwa huu ni adimu: kwa mwaka huwapata watu 1 au 2 katika kila watu wazima 100,000. Hauambukizi, wala mzazi hamrithishi mtoto. Hakuna aliyemtupia mgonjwa, si jirani, si mke mwenza.

Dalili zake ni zipi?

Tumbo hujaa upande wa kushoto, chini ya mbavu, kwa sababu bandama limevimba. Mgonjwa akila matonge mawili matatu anashiba. Anakonda, anachoka, usiku anatoka jasho hadi shuka linalowa. Wengi hutibiwa malaria au TB kwanza, na wapo wanaochanjwa chale tumboni huku muda ukipita. Kipimo cha kawaida cha damu kinatosha kuleta shaka: mtu mzima mwenye afya huwa na chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 hivi kwa mikrolita, ilhali mgonjwa wa CML anaweza kukutwa na zaidi ya 100,000.

Inatibika?

Ndiyo. Mwaka 2001 Marekani iliidhinisha imatinibu, ambayo wagonjwa wengi huiita Glivec, kidonge kinachozuia protini inayoziamuru chembe hizo zizaliane. Kabla ya hapo wengi waliishi miaka michache tu. Leo aliyegundulika mapema na anayemeza dawa kila siku anaweza kuishi umri unaokaribia wa wenzake wasiougua. Kupitia mpango wa Novartis, kampuni inayotengeneza Glivec, na shirika la hisani la The Max Foundation, wagonjwa wa nchi nyingi, Kenya na Tanzania zikiwemo, wamekuwa wakipewa dawa hii bila malipo. Muulize daktari wako wa damu utaratibu ukoje mahali ulipo.

Nimeombewa na ninajisikia mzima. Niendelee na vidonge?

Endelea, tafadhali. Swali hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu mtu anaweza kupoteza maisha akiwa na dawa ndani ya nyumba. Bandama hunywea, hamu ya kula hurudi, uso hung'aa, lakini chembe zenye kasoro huwa bado zimo kwenye uboho. Ukiacha, ugonjwa huweza kurudi na hata kugeuka kuwa lukemia kali ambayo ni vigumu kuitibu. Toa ushuhuda wako kanisani, na jioni hiyo hiyo meza kidonge. Luka mwandishi wa Injili alikuwa tabibu, na Mtume Muhammad (S.A.W.) aliwahimiza watu watafute tiba. Kiongozi wa dini anayekupenda atakuuliza tarehe yako ya kliniki.

Kwa mfungaji wa Ramadhani: dozi ya mara moja kwa siku inaweza kuhamishiwa wakati wa futari, pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji. Panga na daktari kabla mwezi haujaandama.

Mgonjwa akikata tamaa, ugonjwa unazidi?

Mwaka 2007 watafiti nchini Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa 1,093 wa saratani ya kichwa na shingo, na hisia za mgonjwa, awe na furaha au huzuni, hazikuonyesha nani angeishi zaidi. Kwa hiyo msimgombeze anayelia kwamba anajiongezea ugonjwa. Mwacheni alie. Matumaini yana kazi nyingine kubwa: humwamsha alfajiri kuwahi basi la kliniki na kumfanya ameze kidonge hata siku ambayo tumbo linachafuka.

Familia isaidie vipi?

Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2013, ulionyesha kwamba wagonjwa wa saratani wenye ndoa waligundulika mapema zaidi, walipata tiba inayostahili zaidi na walikufa kwa uchache. Naamini siri ni kuwa na mtu wa karibu anayeona na kusema "twende hospitali". Basi mmoja ashike jukumu la kidonge, mwingine nauli, mwingine aende naye kliniki akasikilize. Macho kuvimba asubuhi, misuli kukaza na kichefuchefu ni maudhi ya dawa. Mwelezeni daktari, msipunguze dozi wenyewe. Mitishamba na balungi huweza kuvuruga dawa, na rifampisini ya TB huipunguza nguvu, hivyo daktari ajue kila kinachomezwa. Mwanamke asishike mimba kabla ya kuzungumza naye, kwani imatinibu inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Kuna siku nitaacha dawa?

Wapo wanaoacha, baada ya vipimo vya PCR, vinavyotafuta hata mabaki madogo sana ya ugonjwa kwenye damu, kuonyesha kwa miaka kadhaa kwamba ugonjwa karibu haupo. Hata hivyo, takriban nusu yao hurudiwa, hasa katika miezi 6 ya mwanzo, na wengi wao hutulia tena wakirudi kwenye dawa. Ndiyo maana damu yao hupimwa mara kwa mara tangu siku wanapoacha, na uamuzi huo hufanywa na daktari pamoja na mgonjwa.