Je, Wajua Kwa Nini Jani Moja la Violeti ya Afrika Huzaa Mmea Mzima?

Chukua jani la mwembe, lichomeke kwenye udongo mzuri na ulimwagilie kwa bidii. Litanyauka. Sasa chukua jani moja la violeti ya Afrika, lile ua dogo la chungu lenye majani manene ya manyoya na maua ya zambarau, ulichomeke vivyo hivyo. Baada ya miezi miwili au mitatu, pale kikonyo kilipozama udongoni patachomoza vijani vidogo vya kijani kibichi. Tena mara nyingi hutoka miche kadhaa kwa pamoja, yote kutoka jani lile lile. Imetoka wapi, ilhali jani halikuwa na jicho wala tumba?

Swali hili lina utamu wa pekee kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kwa sababu mmea wenyewe ni wa huku. Makao yake ya asili ni Tanzania na Kenya: milima ya Usambara, Uluguru na Nguru, vilima vya Taita, na baadhi ya maeneo ya pwani. Huota kivulini, juu ya mawe yaliyofunikwa na kuvumwani na kwenye kuta za miamba karibu na vijito. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani mkoani Tanga, aliupeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mtaalamu wa bustani za Herrenhausen mjini Hanover, akauelezea kisayansi na kuupa jina Saintpaulia ionantha. Ingawa huitwa violeti, hauna undugu wa karibu na violeti za Ulaya. Ni wa familia ya Gesneriaceae, na tangu mwaka 2015 wataalamu wameliingiza kundi zima la Saintpaulia ndani ya jenasi ya Streptocarpus. Undugu huo tutauhitaji baadaye.

Tuanze na kawaida ya mimea mingi. Mkulima wa muhogo hupanda pingili ya shina, wala hachomeki jani, kwa sababu shina lina macho, na kila jicho ni chipukizi lililokwisha kuumbwa likisubiri nafasi ya kutoka. Jani halina kitu hicho. Limeumbwa kwa kazi ya kunasa mwanga na kutengeneza chakula, na likishafikia ukubwa wake seli zake huacha kugawanyika.

Wengi hudhani ugumu uko kwenye mizizi. Sivyo. Yapo majani yanayotoa mizizi bila taabu na bado yasizae kitu. Jani la Hoya kerrii, lile lenye umbo la moyo linalouzwa likiwa peke yake kwenye kikopo, hutoa mizizi na kubaki kijani kwa miaka, lakini kama halikukatwa pamoja na kipande cha shina chenye kifundo, kwa kawaida halichipui kamwe. Kwa hiyo ajabu ya violeti ya Afrika iko kwenye jicho: mmea huu huliunda upya mahali ambapo halikuwapo.

Kazi huanza pale kisu kinapopita. Ndani ya jani hutengenezwa homoni iitwayo oksini, ambayo huteremka kupitia kikonyo kuelekea shinani. Kikonyo kikikatwa, oksini huendelea kushuka lakini haina pa kwenda, hivyo hurundikana kwenye jeraha. Seli zilizo karibu na mishipa ya kupitishia maji na chakula huipokea ishara hiyo na kuanza kugawanyika upya. Mizizi huanzia humo, ndani ya kikonyo. Nayo mizizi ikishatoka hutengeneza homoni ya aina nyingine, saitokinini, inayopanda juu. Mwaka 1957 Folke Skoog na Carlos Miller walionyesha, kwa tishu za tumbaku, kwamba uwiano wa homoni hizo mbili ndio unaoamua kitakachoota. Oksini ikizidi huja mizizi, saitokinini ikizidi huja machipukizi, na zikiwa katikati tishu hubaki fundo la seli lisilo na umbo.

Machipukizi yenyewe hayatoki kule kwenye mishipa. Hutoka kwenye ngozi ya nje ya kikonyo, ile safu nyembamba ya seli ambayo kazi yake ilikuwa kulinda tu. Baadhi ya seli hizo huiacha kazi hiyo, hurudia hali ya uchanga, hugawanyika tena na tena, kisha hujenga ncha mpya ya shina na kuizungushia majani. Chipukizi moja linaweza kuanzia kwenye seli moja tu ya ngozi. Na kwa kuwa seli kadhaa huweza kuamka kwa wakati mmoja, jani moja hupata watoto wengi.

Wazo kwamba seli moja ya mmea ina uwezo wa kujenga mmea mzima lilitolewa na Gottlieb Haberlandt wa Austria mwaka 1902, kabla hajaweza kulithibitisha kwa vitendo. Mwaka 1958 Frederick Steward na wenzake huko Marekani walikuza mimea ya karoti kutoka seli za mzizi wa karoti uliokomaa. Violeti ya Afrika hufanya jambo la jamii hiyo bila maabara yoyote, kwenye kikombe cha udongo dirishani.

Lakini kama kila seli hubeba maelekezo yote, mbona jani la mwembe linashindwa? Hapa ndipo ule undugu na Streptocarpus unaposaidia, na kwangu mimi hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote katika habari hii. Baadhi ya Streptocarpus, kama Streptocarpus wendlandii, huishi na jani moja tu kubwa maisha yao yote. Jani hilo huendelea kukua kutokea chini, na mabua ya maua huchipuka kwenye kitako chake. Katika ukoo huu mpaka kati ya jani na shina ni mwembamba mno. Katika mimea mingi jani likikomaa seli zake hujifunga kwenye kazi moja na kuzirudisha nyuma ni kazi ngumu. Kwa violeti ya Afrika mlango huo hubaki wazi kidogo, na jeraha linatosha kuusukuma.

Ukiyajua haya, mambo ambayo watunza maua husisitiza unayaona yakiwa na sababu. Huchaguliwa jani la safu ya katikati, kwa kuwa la nje limezeeka na akiba yake imepungua, na la ndani bado linatumia nguvu kujikuza lenyewe. Kikonyo hukatwa kwa wembe safi na kubakizwa kama sentimita 3, kwa mshazari. Kikonyo kirefu huwaweka watoto chini mno, wakachelewa kufika kwenye mwanga. Wapo wanaokata pia theluthi ya juu ya jani ili lisiendelee kutanuka, na jambo hilo halilidhuru.

Udongo wa kupandia uwe mwepesi unaopitisha hewa, kwa mfano mboji iliyochanganywa na perlaiti nyingi (chembe nyeupe nyepesi za mawe ya volkano), na uwe na unyevu bila kulowa chepechepe. Jeraha linahitaji hewa ili seli zigawanyike; likizibwa na maji huoza, na kuoza ndiko kunakoua majani mengi kuliko sababu nyingine yoyote. Upande wa pili, jani lisilo na mizizi hupoteza maji na haliwezi kuyarudisha, ndiyo maana hufunikwa kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga au chupa iliyokatwa. Liwekwe penye mwanga wa kutosha usio wa jua la moja kwa moja, kwenye joto la nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi. Maji yawe na uvuguvugu wa chumba, kwa maana maji ya baridi yakigusa majani huacha madoa yasiyofutika.

Unaweza pia kulisimamisha jani kwenye maji, na faida yake ni kwamba utaiona mizizi ikitoka. Mimi ningependelea udongo. Mizizi iliyoota majini hukatika kirahisi wakati wa kuhamisha, nalo jani hulazimika kuzoea mazingira mapya. Unga wa homoni ya kuotesha mizizi nao hauhitajiki. Unga huo ni oksini, na jani linayo yake. Ukizidisha unasogeza uwiano upande wa mizizi na kuyachelewesha machipukizi unayoyasubiri.

Mizizi huonekana baada ya wiki tatu au nne, na miche hufuata baadaye. Katikati yake kuna kipindi kirefu ambapo juu hakuna kinachotokea. Wengi hukata tamaa hapo na kulitupa jani lililo hai kabisa. Livute taratibu: likikataa kutoka, mizizi ipo na kazi inaendelea. Majani ya watoto yakifika sentimita 2 au 3, toa kishada chote, watenganishe kila mmoja na mizizi yake, na umpe kila mmoja chungu chake kidogo. Jani mama lenyewe haligeuki kuwa mmea. Lilikuwa mlezi tu. Likiwa bado gumu na kijani, kata tena ncha ya kikonyo ulipande upya, linaweza kuzaa mara nyingine.

Watoto hao ni nakala za mama yao, rangi kwa rangi. Mbegu hazifanyi hivyo, kwani kila mbegu ni mchanganyiko mpya. Mwaka 1926 kampuni ya Armacost and Royston ya Los Angeles iliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, na kati ya miche iliyoota ikachagua aina 10 tu, ikiwamo Blue Boy. Bila uwezo wa jani kutoa nakala, kila aina iliyochaguliwa ingekuwa ngumu kuitunza ilivyo.

Kuna violeti chache zinazokiuka kanuni hiyo: zile zenye maua ya mistari inayotoka katikati kuelekea ukingoni. Mistari hiyo huletwa na matabaka mawili ya tishu zenye urithi tofauti yanayokua pamoja katika ncha moja ya shina. Kumbuka sasa kwamba mche wa jani huanzia kwenye seli za ngozi pekee. Tabaka la ndani haliingii humo, na mistari hupotea. Ndivyo inavyotokea pia kwa Sansevieria, ule mmea wa chungu wenye majani marefu yaliyosimama kama panga, ile aina yenye kingo za njano: vipande vya jani lake hutoa watoto wa kijani kitupu. Anayetaka kuihifadhi violeti ya mistari hana budi kutumia chipukizi la pembeni, au bua la ua lenye vijani vyake vidogo, ambako macho yaliyokwisha kuumbwa yana matabaka yote mawili.

Nakala zina mpaka wake vilevile kwa mmea wa porini. Baadhi ya aina za Usambara na Taita zimebaki kwenye maeneo madogo sana, na misitu inayozipa kivuli imekuwa ikipungua. Jani moja linaweza kuihifadhi aina fulani bustanini, lakini majani elfu ya mmea mmoja bado ni urithi wa mmea mmoja. Kwa ajili ya tofauti mpya zinahitajika mbegu, na mbegu zinahitaji nyuki wanaokuja kuchukua chavua ya manjano, mawe yenye unyevu na miti iliyo juu yake. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997 Usambara Mashariki, ni miongoni mwa mahali ambapo vyote hivyo bado viko pamoja.